Sifuri za Don Fortunato

Nélida Ticse alitumia mwaka mzima na miezi mitatu kujifunza kuchora mstari mmoja. Msimcheke. Mstari wa rula hata mtoto anauweza, lakini huu ulikuwa wa aina nyingine, mstari unaopinda, unaopanda mambo yakipanda na kushuka yakishuka, na ugumu wake wote uko katika kujua uulegeze kiasi gani. Ukiulegeza mno unakimbilia kila nukta iliyo kwenye karatasi, leo huku kesho kule, kama mlevi anayerudi kutoka sikukuu ya mtakatifu wa kijiji. Ukiukaza mno unanyooka, unakwambia dunia haijabadilika, nawe unalala usingizi. Kati ya hayo mawili ndipo mtu anapozeekea.

Aliyemfundisha ni Daktari Ofelia Rentería, wa chuo kikuu kimoja pale Huancayo, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa wembe, ambaye kahawa yake ilipoa kila siku kabla hajaikumbuka. Siku ya kwanza alimwambia: "Binti, kompyuta haina haya. Ukiiambia ichore upuuzi, itachora, tena kwa rangi nzuri. Mwenye haya ni wewe." Nélida aliliandika neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake.

Nukta alizopewa zilikuwa ndege. Ni mzamiaji wa Ziwa Sutococha, ndege wa kijivu mwenye jicho jekundu, asiyeruka kabisa. Mabawa yake ni madogo, hayamfikishi popote. Akitishwa huzama, akiibuka yuko ziwa lile lile. Wala hapatikani ziwa jingine. Na ziwa lenyewe lilikuwa likinyonywa kila mwaka, maji yakishushwa bondeni kuzalisha umeme, matete yakibaki yamesimama juu ya tope kavu. Kwa hiyo watu walikuwa na swali moja tu: wamebaki wangapi?

Jibu lilikuwa ndani ya maboksi manne ya karatasi. Miaka ishirini na miwili ya karatasi, zote kwa mwandiko wa mtu mmoja, Don Fortunato Atachagua, mhesabuji wa ziwa. Kila karatasi ilikuwa na tarehe, hali ya hewa, mfereji alioupita na mtumbwi, na idadi ya wazamiaji aliowaona. Wanne. Watatu. Watano. Nélida alizinakili zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, mpaka akawa anaujua mkono wa yule mzee kuliko wa baba yake mzazi: jinsi alivyokata mguu wa saba, jinsi alivyobonyeza kalamu siku za baridi kali.

Kisha ukaja mwaka wa kuchora. Mstari wa kwanza ulitetemeka hata yeye mwenyewe akaona aibu. Wa pili ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alisoma, akalia, akafuta, akaanza upya, akaota nukta usingizini. Mchana mmoja wa Oktoba akauona umetulia. Ulianza juu kidogo, ukashuka taratibu miaka ya mwanzo, ukalala, na mwishoni ukainua kichwa.

"Daktari! Umetulia!"

"Nani katulia, wewe au mstari?"

"Mstari."

"Haya, sogea nione." Daktari Ofelia alivaa miwani. "Ncha zake umezitazama? Mstari hudanganya kwenye ncha, maana upande mmoja hauna wa kuushika."

"Nimezitazama. Nimeondoa miaka mitatu ya mwisho nikauchora tena, unakwenda vile vile."

"Mabaki? Yale ambayo mstari umeshindwa kuyaeleza?"

"Yametawanyika vizuri, hayana mpangilio wowote."

"Mmh. Na hapa mbona karatasi zinapungua? Mwaka wa kwanza tisini na saba. Mwaka wa mwisho tisa."

"Mzee amezeeka, Daktari. Haendi tena kama zamani. Lakini nimechukua wastani wa kila karatasi, kwa hiyo haidhuru. Wastani ulikuwa wanne, sasa ni watano."

Daktari Ofelia alikunywa kahawa yake ya baridi, akakunja uso, sijui kwa kahawa au kwa jambo jingine. Akasema, "Sawa. Weka tanbihi."

Wasomi bwana. Wakiona shimo njiani hawalifukii, wanaliwekea tanbihi. Nélida akaandika chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo: *Katika miaka ya mwisho mhesabuji, F. Atachagua, alipunguza safari zake kwa sababu ya umri.*

Mwezi Machi Kamati ya Ziwa ilikutana mjini. Mbele yao kulikuwa na mpango ulioandaliwa kwa miaka miwili: kukamata jozi kumi na tano za wazamiaji na kuwahamishia ziwa jingine, juu zaidi milimani, ambako hakuna anayeyataka maji. Vizimba kumi na vitano vilikwisha kutengenezwa, kimoja kwa kila jozi. Tatizo ni kwamba mzamiaji ana moyo mwepesi. Wengine hufa mkononi mwa mtu kabla hata hawajaingizwa kizimbani. Hakuna aliyetaka kuua ndege bure. Ndiyo maana wakamwita Nélida na mstari wake.

Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Zevallos, mtu mnene, mcheshi, asiye mbaya. Aliutazama mchoro ukutani kwa muda.

"Binti, sisi huku si watu wa hesabu kubwa. Tuambie kwa lugha ya sokoni. Wapo wangapi?"

"Karibu mia tatu, Mhandisi."

"Na wanapungua au wanaongezeka?"

"Wanaongezeka kidogo."

"Basi tuwakamate au tusiwakamate?"

Angeweza kusema sijui. Kuna watu wazima walioishi vizuri maisha yao yote kwa kusema sijui. Lakini alikuwa na miaka ishirini na sita, mama yake alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi na kofia yake ya Jumapili, na mstari ulikuwa mzuri.

"Kwa data tulizonazo," alisema, "hakuna haraka."

Wakapiga kura, saba kwa wawili. Vizimba vikaazimwa kwa watu wa mkoa wa jirani waliokuwa wakiokoa vyura. Mama yake alimkumbatia mbele za watu, na Jumapili ile wakafukia pachamanca uani, nyama na viazi na maharage juu ya mawe ya moto, wajomba wakaja, mmoja akacheza hadi akaanguka kwenye ua wa jirani. Alikuwa na furaha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadaye alijichukia kwa ile furaha kuliko alivyojichukia kwa kosa lenyewe.

Mei ya mwaka uliofuata tasnifu yake ilirudi kutoka kwa mfunga vitabu, jalada jekundu, jina lake kwa dhahabu. Akachukua nakala moja, akapanda basi, kisha lori la wauza kondoo, akaenda Sutococha kumpelekea Don Fortunato. Hawakuwahi kuonana. Miaka yote ile alimjua kwa mwandiko tu.

Alimkuta mzee mfupi, mkavu, aliyesimama wima kama mlingoti, akipiga viraka mtumbwi. Mkewe, Doña Zenobia, aliwavuta jikoni, kwenye jiko la samadi, akawapa mchuzi wa kondoo wenye viazi vilivyokaushwa kwa barafu na chai ya majani ya koka.

"Kwa hiyo mimi nimo humu ndani?" Don Fortunato aliuliza, akiipapasa ile tasnifu.

"Umo kila ukurasa, Don Fortunato. Bila wewe hakuna kitu."

"Zenobia, umesikia? Mwenzio niko kitabuni."

"Watakuondoa wakikujua," mkewe akasema.

Mzee alivaa miwani, akaanza kulitafuta jina lake kwa kidole. Lilikuwepo kwenye shukrani, akatabasamu. Akaendelea kufunua, pole pole, maana alikuwa msomaji wa kweli, si wa kutazama picha. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja kidole kikasimama. Akasoma kimya. Akasoma tena, safari hii kwa sauti. Kisha akakiweka kitabu mezani.

"Nimepunguza safari? Mimi?"

"Si kwa ubaya, Don Fortunato, ni umri tu, kila mtu..."

"Nani kakwambia?"

"Karatasi. Mwaka ule wa mwisho ulileta tisa."

"Tisa ndiyo. Zenobia! Njoo usikie ninavyotukanwa nyumbani kwangu. Eti siendi ziwani!"

Doña Zenobia aliacha sufuria. "Huyu? Mwanangu, huyu siku ya kumzika kaka yake alikwenda ziwani kwanza, padri akamsubiri. Kila Jumanne na kila Ijumaa. Mimi ndiye ninayeamka kumchemshia chai, sijui ningemchemshia nani kama haendi."

Nélida aliweka kijiko chini. "Kila Jumanne na Ijumaa? Hata mwaka jana?"

"Hata juzi."

"Basi karatasi ziko wapi?"

"Karatasi zipi?"

"Za siku nyingine. Mwaka una Jumanne na Ijumaa mia moja na zaidi. Umeleta tisa."

Don Fortunato alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza mlango uko wapi na hali amesimama mlangoni.

"Siku nyingine hapakuwa na ndege."

Samadi ilipasuka jikoni.

"Hapakuwa na ndege," Nélida akarudia.

"Sasa ningeandika nini? Karatasi ni ya kuhesabia ndege. Mwaka wa kwanza nilipeleka tatu tupu, mkuu wa ofisi wa wakati ule akanitupia mezani. Akaniambia, 'Atachagua, serikali inakulipa uniletee karatasi tupu? Ukiona ndege ndio uandike.' Nikasema sawa, bosi. Tangu hapo sijaharibu karatasi ya mtu."

Mzee sasa alikuwa amepoa; aliona uso wa yule msichana, akaogopa.

"Kwani hamkujua?" aliuliza taratibu. "Mwanangu, hapa hata mbwa wanajua wazamiaji wamekwisha. Nilianza na karatasi tisini na kitu. Zikawa sitini. Zikawa thelathini. Nikaleta tisa. Nilidhani mnaona. Nilikuwa nasema, watu wale wamesoma, mtu akiwaletea tisa badala ya tisini si wanaona wenyewe? Nikangoja mje. Hakuja mtu. Nikasema labda wana mipango yao."

"Ungetuambia, Don Fortunato."

"Nani aliniuliza? Mliniambia nilete karatasi, nikaleta."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Walisahau kusema kwamba mshindo wenyewe unataka mwenye masikio.

Hakungoja kurudi mjini. Aliifungua kompyuta pale pale mezani, akasukuma bakuli la mchuzi pembeni, na mzee akakaa kando yake akimtajia siku ambazo kweli hakwenda. Alizikumbuka zote, hazikuwa nyingi. Wiki mbili za upasuaji wa kidole tumbo. Harusi ya bintiye wa pili. Mgomo wa wafugaji, barabara ilipofungwa. Mafuriko ya mwaka wa saba. Ijumaa Kuu zote. Siku zote zilizobaki alikuwa majini, na kama hapakuwa na karatasi, hapakuwa na ndege. Nélida aliziingiza moja moja. Sifuri, sifuri, sifuri. Zilikuwa elfu moja na mia moja na kumi na mbili. Alikuwa amechora mstari wa ziwa kwa kutumia siku njema peke yake.

Kuchora upya hakukuchukua dakika mbili. Hilo nalo lilimuuma: kile alichojifunza kwa mwaka na miezi mitatu sasa mikono yake ilikifanya yenyewe. Mstari haukutetemeka. Ulianza juu, ukashuka, ukaendelea kushuka, haukulala popote wala haukuinua kichwa. Katika miaka ya mwisho ndege wachache waliobaki walikuwa wamejikusanya kwenye mfereji mmoja wenye maji, kwa hiyo siku chache walizoonekana walionekana watano pamoja, naye akauita huo wastani.

Doña Zenobia aliinama nyuma ya bega lake. "Ndiyo hivyo hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Nélida alisoma tarakimu za pembeni. Mwaka ule Kamati ilipopiga kura, wazamiaji walikuwa kama ishirini na wanane. Jozi kumi na nne. Vizimba vilikuwa kumi na vitano. Wangewatosha wote, na kimoja kingebaki.

Sasa, kwa siku alizotaja mzee tangu hapo, walikuwa kama wanne.

Alilia pale mezani bila kujificha, machozi na kamasi. Don Fortunato, asiyejua la kufanya na wasomi wanaolia, alichukua kile kitabu chekundu akakiweka juu ya kabati, mbali na mchuzi, kisije kikachafuka.

Kutoka kilimani ambako simu inashika, Nélida alimpigia mwalimu wake. Alieleza yote kwa pumzi moja.

"Niliona," Daktari Ofelia akasema. "Tisini na saba mpaka tisa. Niliona, nikakwambia uweke tanbihi. Kosa ni langu."

"Ni langu mimi."

"Basi ni letu wote. Umefurahi? Tukigawana kosa, ndege wanapata nini?" Akavuta pumzi. "Kuna watu hapa chuoni watatushauri tunyamaze. Shahada umekwisha kupata, Kamati imekwisha kuamua, ndege wenyewe wamekwisha. Mficha uchi hazai. Jumatatu tunakwenda kwa Zevallos, mimi na wewe, na tutasimama wote wawili."

Walisimama wote wawili. Mhandisi Zevallos aliyasikiliza maelezo, akautazama mstari mpya, akautazama wa zamani, akakuna kidevu.

"Ngoja nielewe. Mwaka jana mia tatu, mwaka huu wanne. Wale wengine mmewala?"

Wajumbe wakacheka. Walipoona hakuna anayecheka mbele, wakaacha.

"Hawakuwepo, Mhandisi," Nélida alisema. "Hata mwaka jana hawakuwepo."

"Kwa hiyo yule mzee hakuandika."

"Aliandika kama alivyoambiwa aandike. Mimi ndiye niliyesoma vibaya."

Mhandisi Zevallos aliacha utani. Alisema kwamba yeye alipiga kura ya kungoja, kwamba usiku ule alilala vizuri, na kwamba asingependa kusema zaidi. Safari hii hakukuwa na kura. Wote walikubali wakamate waliobaki, upesi.

Upesi wa ofisi lakini ni upesi wa ofisi. Kibali kilihitaji saini sita, na mwenye saini ya nne alikuwa likizo. Vizimba vilikuwa kwa watu wa vyura, ambao walikuwa wamevikata na kuvigeuza matangi. Juni ikapita, Julai ikapita na sherehe zake za uhuru na maandamano yake. Nélida alikwenda ofisi ya vibali kila siku, akawa anakaa kwenye benchi moja mpaka mlinzi akamletea mto. Agosti wakapanda milimani, mitumbwi mitatu, nyavu, daktari wa mifugo mmoja, vizimba viwili vipya.

Walitafuta siku nane. Asubuhi maji yalikuwa na utando wa barafu uliovunjika kama kioo mbele ya mtumbwi. Siku ya tano, kwenye ule mfereji wa mwisho, Don Fortunato aliinua kasia, akanyoosha kidevu.

Alikuwa mmoja. Dume.

Dume la mzamiaji likitaka mke huokota jani la majini, likamwendea, wakasimama kifua kwa kifua juu ya maji, kila mmoja na jani lake. Huyu aliibuka hatua kumi na tano kutoka kwao akiwa na jani mdomoni. Alitazama huku na huku. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha ukubwa wowote juu ya maji yale, akaogelea kuuelekea mtumbwi. Alisimama mbele yao, kifua nje, jani likidondosha maji. Akangoja. Mshika wavu alikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

"Nimkamate?" aliuliza kwa kunong'ona.

Kibali kilisema jozi. Lakini hata bila kibali kila mtu mtumbwini alijua: ndege mmoja kwenye ziwa tupu la milimani ni ndege anayekwenda kufa ugenini, kama hakufa mkononi kwanza. Daktari wa mifugo alitikisa kichwa.

"Mwacheni kwao," Don Fortunato alisema.

Yule ndege aliliacha jani, likaelea. Akazama. Nélida alilitazama lile jani mpaka likagusa ubao wa mtumbwi, na hakuwa na wazo lolote kichwani, si la takwimu wala la sala.

Siku tatu zilizobaki waliwatafuta wengine. Hawakuwapata.

Kabla ya kushuka, Nélida alimpa Don Fortunato karatasi mpya za kuhesabia na kumwomba radhi kwa ile tanbihi. Mzee alisema yamekwisha. Nélida akamweleza pia, kama alivyopaswa kuelezwa miaka ishirini na mitatu nyuma, kwamba siku isiyo na ndege ni siku ya kuandikwa sawasawa na nyingine, kwamba sifuri ni hesabu. Don Fortunato alisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza kila kitu.

"Ungeniambia mapema," alisema. "Mimi ni mtu wa kufuata."

Kweli alifuata. Tangu wiki ile, kila Jumanne na kila Ijumaa, simu ya Nélida ilileta picha ya karatasi: tarehe, hali ya hewa, mfereji, idadi. Moja. Moja. Sifuri. Moja. Mzee hakuruka hata siku. Septemba: moja, sifuri, sifuri, moja, sifuri. Oktoba ilikuja moja mara mbili, mwanzoni. Novemba sifuri zote. Desemba. Januari, mvua kubwa, sifuri. Nélida aliziingiza kila zilipofika, kwa mikono ile ile, na ilimbidi akiri kwamba tangu ajifunze kazi hii hakuwahi kuwa na data nzuri kama hizo. Kamili, hazina pengo, zimeandikwa kwa uaminifu wote.

Siku moja ya Juni mzee alimpigia simu kutoka kilimani, upepo ukivuma nyuma yake.

"Mwanangu, hizi karatasi tupu zinakufaa kweli? Usinifiche. Zenobia anasema nakusumbua."

"Hunisumbui, Don Fortunato."

"Maana mimi naweza kuendelea. Magoti yangu yako salama. Ila nilitaka kukuuliza, wewe uliyesoma. Zikifika ngapi ndio niache?"

Nélida alifumba macho. Hilo lilikuwa swali la haki, na kulikuwa na vitabu juu ya hilo swali, na modeli, na mistari inayopinda ya kila namna, naye alikwisha kuijaribu yote. Hakuna hata mmoja uliokubali kumwambia kwamba sifuri hii ndiyo ya mwisho.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui, Don Fortunato."



"Haya," mzee akasema. "Basi Ijumaa nitakwenda."